Qabale wa Kwa Dubu

Isiolo imewahi kuwa na wabishi wa kila aina, lakini Qabale Dabasso alikuwa wa daraja lake peke yake. Ukimwambia njia hii haipitiki, hiyo ndiyo ataishika. Ukimtajia bei, atakuuliza imepangwa na nani. Wanawake wa mtaa wake wa Bulla Pesa walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja, na wanaume walipendelea kumsalimu huku wanatembea, wasije wakasimamishwa na kuulizwa jambo.

Ubishi huo hakuzaliwa nao. Alipoolewa kule upande wa Sericho alikuwa mwanamke wa kuitikia tu. Kisha ikaja ile miaka ya vita vya kaskazini, ambayo Waborana wanaiita Daaba. Siku moja watu wenye bunduki walifika kisimani wakaamuru kila mtu akae chini, na watu wakakaa. Ngamia wao wakapigwa risasi mbele ya macho yao: ngamia wa baba mkwe, ngamia wa majirani, na yule jike mweusi ambaye Qabale alipewa na babake siku ya harusi. Qabale alikaa chini kama alivyoambiwa. Hakuna aliyemlaumu, maana wote walikaa. Mumewe hakudumu sana baada ya hapo, naye Qabale akaingia mjini na mwanawe Halake mgongoni. Tangu siku hizo, mtu akimwambia akae chini, hata kama ni kumkaribisha kiti, yeye alisimama kwanza kidogo.

Sasa, dubu alifikaje Isiolo? Hata waliomleta wangeshindwa kujibu. Mnamo mwaka wa 1974 sarakasi moja ya kigeni ilipita ikielekea Moyale, malori yamechakaa na watu wake wana njaa. Lori la mwisho likafia nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Archers Post. Wenye sarakasi wakasema wanaenda kutafuta spea, na kama wanaitafuta hadi leo, Mungu awasaidie. Ndani ya lori waliacha kizimba, na ndani ya kizimba dubu jike mweusi, mwenye kifua cheupe na pumzi fupi fupi za mnyama asiyejua jua la aina ile.

Tajiri mmoja wa Nairobi akamchukua. Alijenga mahali pa watalii kunywa soda wakielekea mbugani, akaweka mbuni, kobe, duma mmoja mzee, na dubu akawa ndiye bibi harusi. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina refu la Kiingereza. Watu wa mji walilitazama jina lile, wakaliacha hapo hapo, wakapaita Kwa Dubu.

Qabale alikwenda pale kuomba kazi ya kuteka maji. Wanaume waliokuwa wameandikwa kumlisha dubu walikuwa wakimrushia chakula kutoka mbali na kukimbia. Yeye alitazama siku ya kwanza, siku ya pili akachukua karai, akaenda hadi kwenye vyuma na kuliingiza kwa chini. Dubu alinusa mkono wake, kisha akala. Qabale akamwita Gurati, jina ambalo Waborana huwapa ng'ombe jike weusi, na tangu hapo kazi ikawa yake.

Mtaani walimsema, kama kawaida. Asli, jirani yake aliyeuza maziwa sokoni, alimwambia waziwazi kwamba hajui huyo mnyama ni wa kundi la nguruwe au la mbwa, na mtu anayemshika asitarajie kushika kibuyu cha mwenzake. Qabale alimjibu kwamba maji na sabuni bado vinauzwa. Waliendelea kunywa chai pamoja, kila mmoja na kikombe chake.

Daktari wa wanyama alikuwa Ntongai, mtu wa Meru, mpole, mwenye vidole vinene na haraka ya kurudi nyumbani. Kila baada ya miezi kadhaa alikuja kumpima Gurati. Dubu hapimwi kama mbuzi. Kwanza hupigwa sindano ya usingizi kwa mrija mrefu wa kupuliza. Akilala, anavutwa juu ya turubai hadi kwenye mizani ya ng'ombe, anaangaliwa macho, kucha na meno, moyo wake unasikilizwa, anatolewa damu, na kinyesi chake kinatiwa kwenye kichupa kutafutwa minyoo. Yote hayo yafanyike kabla usingizi haujaisha, maana hakuna aliyetaka kuwa karibu naye hapo. Qabale alibaki upande wa kichwa akimfunika macho kwa kitambaa chenye maji, na hakuwahi kuombwa afanye hivyo.

Kosa lake lilitokea mwaka wa 1979, na lilikuwa kosa la Mborana. Kabla ya kila kipimo, mnyama alitakiwa kukaa bila chakula tangu jana yake na bila maji tangu asubuhi. Miaka yote iliyopita kazi hiyo ilikuwa ikisimamiwa na mtu mwingine. Mwaka huo Madam Gladys, meneja mpya aliyetumwa na tajiri, alimwambia Qabale mwenyewe asimpe Gurati chochote. Alisema hivyo akiwa anapita, bila kusimama na bila kueleza sababu. Kwa Qabale, kumfunga mnyama karibu na maji na kumnyima ni laana tupu. Kwao, hata katikati ya ugomvi wa kisima, ugomvi ni wa watu na mnyama hunyweshwa. Akamwona Gurati akilamba karai tupu, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamtilia maziwa na ugali.

Sindano ikaingia, Gurati akalala, na baada ya muda mfupi akaanza kutapika akiwa usingizini. Ugali ukarudi kooni ukakaa pale. Ulimi wake ukageuka rangi. Ntongai alipiga magoti akatia mkono mzima ndani ya kinywa kile, akachota na kuchota, huku Erot, mlinzi Mturkana, akimwinua mnyama miguu ya nyuma ili kichwa kishuke. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu angependa. Hatimaye kifua kikapanda tena, na Ntongai akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni nani aliyemlisha.

"Ni mimi," Qabale akasema kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Na kama mtu angeniambia sababu, singempa."

Ntongai akamweleza hapo hapo, mkono wake bado umejaa matapishi: mnyama akilala kwa dawa, koo lake nalo hulala, na chochote kilicho tumboni kinaweza kumziba. Qabale akasikiliza hadi mwisho. Aliona aibu kali, na pia hasira, na hizo mbili zilikaa ndani yake bila kupatana. Madam Gladys akamfuta kazi mchana huo.

Kesho yake alikuja kazini.

Erot alikuwa langoni, bunduki yake kuukuu begani. Alimwambia kwa adabu, "Mama Halake, si umefutwa jana?" Qabale akasema amesikia, akainama chini ya seng'enge na debe lake la maji, akaenda. Erot akageuka kutazama mbuzi wa watu waliokuwa wakipita barabarani, na akawatazama sana. Kesho kutwa ikawa hivyo hivyo. Madam Gladys alitoka ofisini mara mbili kumkumbusha kwamba yeye si mfanyakazi wa pale, na Qabale alimkubalia mara zote mbili huku anaosha karai. Mwishowe Gladys akatafuta mtu mwingine wa kumlisha dubu, na hakuna mtu Isiolo nzima aliyejitokeza. Baada ya hapo jina la Qabale likarudi kwenye daftari la kazi, bila mtu kusema neno, naye mwenyewe hakusema asante kwa sababu hakuona alichopewa.

Ukaja ukame wa mwaka wa 1984. Nani hakuuona? Ng'ombe walikuja kufia sokoni kabla ya kuuzwa, na watu kutoka Kulamawe waliingia mjini kwa miguu wakiwa na vibuyu vitupu. Watalii wakapungua. Katikati ya hayo, Gurati akavimba shavu. Akaacha kula, akawa anakaa kwenye kona ya kizimba akisugua taya kwenye vyuma, na usaha ukawa unamtoka mdomoni na kunuka hadi barabarani. Tajiri wa Nairobi akapiga simu. Alisema kuna wageni wakubwa watapita kesho jioni na hataki wakute mnyama anayeoza, kwa hiyo apigwe risasi na afukiwe kabla hawajafika.

Madam Gladys hakuwa mtu mbaya, na tusimpake matope. Alikuwa mwanamke aliyepigiwa kelele kwenye simu na mwanamume aliyemshinda cheo, na yeye naye akaipitisha kelele ile kwa walio chini yake, kama maofisi mengi yanavyofanya. Alimwita Qabale akamwambia agizo. Alitegemea kilio. Qabale akasema kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kupimwa, na mnyama pia. Apimwe kwanza. Kama daktari atasema hakuna tumaini, hapo watazungumza.

Gladys alisema kipimo kinahitaji mnyama aliyekaa na njaa na kiu, na wote wanajua ni nani aliyeshindwa na jambo hilo mara ya mwisho. Hapo alimgusa penyewe. Qabale hakubisha, jambo lililowashangaza wote wawili. Halafu akasema atamkalisha Gurati na kiu yeye mwenyewe, na Madam akitaka aweke mtu wa kumlinda. Gladys akampigia simu Ntongai, naye akaahidi kufika kesho kabla ya adhuhuri. Basi, Gladys akasema, mpaka adhuhuri, na isipite hapo.

Asubuhi Qabale aliliondoa karai la maji kwa mikono yake. Kisha akajifunga leso kiunoni, akakaa mbele ya kizimba juani, na yeye naye hakula wala kunywa. Mwezi haukuwa wa Ramadhani. Hakuwa na nadhiri. Aliona tu kwamba kama mnyama atanyimwa maji kwa mkono wake, basi mkono huo nao usijipelekee kikombe mdomoni.

Jua la Isiolo mwaka ule halikuwa la mchezo. Gurati alikuja kwenye vyuma akanusa mahali karai linapokaaga. Akasukuma kipande cha gome kwa pua kuelekea kwa Qabale, kama alivyozoea kusukuma karai likiisha, kisha akamtazama. Akarudia tena. Alikuwa na homa na kiu, na alikuwa akiomba kwa mtu pekee aliyemjua. Qabale alimwambia kwa Kiborana maneno ambayo ng'ombe huambiwa wakisubiri zamu kisimani, na machozi yakamshuka mbele ya watu bila yeye kuyafuta. Ile siku ya kisima cha Sericho ilimuumiza kidogo kuliko hii, maana siku ile mtesaji alikuwa mtu mwingine.

Asli akafika na chupa ya chai. Alisimama mbali kidogo na kizimba, akasema salaam aleikum, kisha akamshambulia. Umekuwa na roho gani, alimuuliza. Hata ngamia wa mwizi tungemnywesha. Qabale akamwambia anamjua huyo anayesema hivyo, kwa sababu alikuwa yeye mwenyewe miaka mitano iliyopita, na karibu amuue mnyama. Asli akamwekea chai pembeni. Qabale hakuigusa. Asli hakuondoka pia. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta akinung'unika, na chai ikapoa katikati yao.

Adhuhuri ikaadhiniwa msikitini mjini, sauti ikaja hafifu na upepo. Ntongai hakuonekana. Madam Gladys akatoka ofisini, akaangalia barabara ya Meru, akaangalia saa yake, akaangalia barabara tena. Kisha akamwita Erot na bunduki yake.

Erot alikuja polepole kuliko siku zote. Qabale alipomwona, alisogea nyuma hadi mgongo wake ukagusa vyuma vya kizimba, akakaa hapo miguu imenyooka mbele. Gurati alikuwa nyuma yake kabisa, pumzi yake inayonuka ikimpuliza shingoni. Hakukuwa na mahali ambapo mtu angeweza kumlenga mmoja bila mwingine.

Gladys akamwomba ainuke. Alimwomba vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili akamwambia ni amri.

"Madam," Qabale akasema, "kuna siku niliambiwa kaa chini, nikakaa, wakaua ngamia wetu wote nikiangalia. Leo pia nimekaa chini. Lakini hapa ni mahali nimechagua mimi. Hapa sitoki mpaka huyu apimwe, na kama una haraka, mwambie Erot aanze na mimi."

Gladys akamgeukia Erot. Erot, ambaye kwao Turkana ng'ombe wake wote walikuwa wamemalizwa na ukame ule ule, aliishusha bunduki akaiegemeza ukutani karibu na Asli, akamwambia meneja, "Madam, mimi niliandikwa kulinda gate. Hii kazi ingine hatukuongea." Kisha akarudi langoni kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ameliacha wazi.

Gladys akabaki amesimama katikati ya uwanja. Angeweza kuichukua bunduki mwenyewe. Aliitazama, na Asli, ambaye hakuwahi kumgusa dubu wala kumsifu, akavuta leso yake akaifunika bunduki, kama mtu anayefunika chakula kisipate nzi. Gladys akaingia ofisini akafunga mlango.

Ntongai alifika jua likiwa limeanza kulegea, amepakiwa juu ya magunia ya miraa kwenye Land Rover ya watu wa Maua, maana gari lake mwenyewe liliharibika njiani. Hakuuliza kwa nini mwanamke amekaa mgongo kwenye kizimba. Aliuliza jambo moja tu: kama mnyama amekula. Qabale akasema hapana. Amekunywa? Hapana. Ntongai akamtazama midomo yake iliyopasuka, akatikisa kichwa kidogo, akatoa mrija wake.

Sindano ikaingia. Walingoja. Gurati akayumba, akakaa, akalala ubavu. Erot, Asli na Ntongai wakamvuta juu ya turubai, na ndiyo, Asli pia, ameshika pembe moja kwa ncha ya vidole, uso umegeuzwa. Qabale alishika kichwa na kitambaa. Kila pumzi ya mnyama aliisindikiza na yake mwenyewe, akingoja ile sauti ya koo kuziba. Haikuja. Tumbo lilikuwa tupu, koo lilikuwa safi, na Ntongai alifanya kazi yake bila haraka. Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Alilitikisa, akakata ufizi, akalivuta kwa koleo huku goti likiwa kifuani mwa dubu, likatoka pamoja na usaha wa kujaza bakuli.

Halafu akaendelea kupima, na uso wake ukabadilika. Aliusikiliza moyo mara kadhaa. Akabonyeza tumbo upande wa kulia, akarudi akabonyeza tena. Gladys alikuwa ametoka ofisini na kusimama karibu. Ntongai akawaambia wote ukweli: jino limekwisha, lakini kuna uvimbe kwenye ini, mkubwa, na hakuna dawa yake. Huyu ni mzee. Ana miezi kadhaa, pengine asimalize mwaka.

Gladys akasema, kwa upole safari hii, kwamba kama ni hivyo basi amalizwe sasa hivi, akiwa amelala, bila kuhisi chochote. Hilo halikuwa neno la ukatili. Ntongai alikuwa na dawa ya kufanya hivyo kwenye mkoba wake, na akamtazama Qabale.

Qabale alimuuliza kama huo uvimbe unamuuma sasa. Ntongai akasema sasa hivi hapana, kilichokuwa kinamuuma ni jino. Akamuuliza kama akiamka atakula. Atakula sana, Ntongai akasema.

"Basi aamke," Qabale akasema. "Hiyo miezi ni yake."

Ntongai akaufunga mkoba. Wageni wakubwa walipita jioni ile wakakuta dubu mwenye mate, amekaa wima, anafyonza ugali laini kwenye karai, na mwanamke amekaa kando anakunywa chai iliyopoa. Walipiga picha wakaondoka, na hakuna aliyewaeleza chochote.

Gurati aliuvuka mwaka ule. Mvua zilirudi, majani yakaota hadi ndani ya kizimba, naye akazoea kulala juu yake tumbo chini. Akafa mchana mmoja wa mwaka wa 1985, baada ya kula, kichwa chake kikiwa nje ya kivuli. Ntongai alikuja akathibitisha, akasema ni ini. Qabale hakupiga kelele. Alimwomba Erot jembe.

Walichimba wao wawili, na Asli akaleta maji. Walikuwa bado wanachimba simu ikalia ofisini. Tajiri alikuwa amesikia, na alitaka ngozi ichunwe vizuri pamoja na kichwa, aitundike kwenye baa yake Nairobi. Gladys alimsikiliza akiwa amesimama dirishani. Aliwaona shimoni hadi kiunoni, Mborana na Mturkana, wakipokezana jembe moja. Akamwambia amechelewa, mnyama ameshazikwa. Tajiri akafoka, akataka kujua ni nani aliyeamuru.

"Hakuna aliyeamuru," Gladys akasema, akaweka simu chini, akatoka nje kutafuta jembe la pili.